Tando za protini zipimwe kwenye hewa ya masika

Marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza Tanzania Bara, tarehe 1 Juni 2019, vifungashio vya chakula viliachwa nje. Isingewezekana vinginevyo, kwani hapakuwa na cha kuweka mahali pake. Ndiyo maana korosho, karanga na unga wa lishe bado tunafungiwa kwenye plastiki, na kila mvua kubwa ikinyesha plastiki hizo ndizo zinazoziba mitaro. Kwa hiyo nafuatilia kwa hamu tafiti za tando za protini, yaani karatasi nyembamba za kufungia chakula zilizotengenezwa kwa protini, iwe ya maziwa, soya, mahindi au ngozi ya samaki, ambazo ukizitupa zinaoza. Naziamini. Ila nina neno na wanaozipima.

Kutengeneza utando wenyewe si kazi ngumu. Jelatini, protini inayotolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, huyeyushwa kwenye maji ya moto, ikatiwa gliserini kidogo, ikamiminwa kwenye sinia bapa na kuachwa hadi ikauke. Kesho yake unabandua kitu chembamba, kisicho na rangi, cha kuona upande wa pili, kinachokunjika bila kukatika. Bila gliserini kingevunjika vipande mkononi. Sifa yake kubwa ni kuzuia oksijeni, ile inayofanya mafuta ya korosho yachache. Mwaka 2016 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walitangaza utando wa kasini, protini ya maziwa, wakisema unaweza kuizuia oksijeni hadi mara 500 kuliko plastiki.

Adui ni maji. Protini inapenda maji, na gliserini ileile inayoulainisha utando huyavuta zaidi. Yakishaingia, minyororo ya protini hulegea, utando unanata vidoleni na oksijeni inapita. Sasa angalia vipimo vinafanyiwa wapi: mara nyingi ni kwenye chumba chenye nyuzijoto 23 au 25 na unyevu wa hewa wa asilimia 50. Dar es Salaam au Tanga mwezi wa Aprili, asilimia 80 ni jambo la kawaida. Utando uliofaulu kule haujathibitisha chochote huku. Ningependa kila anayedai ameuboresha atuonyeshe namba za nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 80, na azitaje mwanzo kabisa, si kwenye jedwali la mwisho.

Njia za kuuboresha zipo. Minyororo inaweza kufungwa pamoja kwa transiglutaminesi, kimeng'enya kinachounganisha protini, au kwa tanini za mimea, zile zinazofanya chai ikali mdomoni. Kemikali ya glutaraldehidi nayo inafunga vizuri sana, lakini ni sumu, na sioni maana ya kuikimbia plastiki ili tuweke sumu karibu na chakula. Mimi naipa nafasi zaidi nta ya nyuki, ambayo Tabora wanaijua vizuri: tabaka jembamba la nta juu ya protini, nta izuie maji, protini izuie oksijeni. Udhaifu wake ni kwamba nta hupasuka pale utando unapokunjwa, na hapo ndipo ningetaka kuona vijana wa maabara wakikesha.

Malighafi nayo tunayo. Kwenye viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza na Kisumu, mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, yana soko lake China, na mapanki, mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, yanaliwa, lakini ngozi haijapewa heshima inayostahili. Mtafiti Muyonga wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, na wenzake walichapisha mwaka 2004 utafiti wa jelatini ya ngozi na mifupa ya sangara. Jelatini ya samaki wa maji ya joto huhimili joto kuliko ya samaki wa bahari za baridi. Halafu kuna jambo ambalo watu wa pwani hawatalipuuza: jelatini nyingi duniani hutoka kwa nguruwe. Muislamu akiambiwa kifungashio ni cha sangara, hana la kuuliza.

Tusianze na minofu mibichi, maana majimaji yake yataumaliza utando kabla haujafika sokoni. Tuanze na korosho zilizobanguliwa: utando ndani, boksi la karatasi nje, zikae ghalani Mtwara masika nzima, kisha wanunuzi wenyewe wazionje.