Karatasi Isiyofika kwa Utetezi

Nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba nafanya kazi na mawakili wa serikali huku Marekani, wale wanaosimamia mashtaka mahakamani, swali linalofuata halichelewi: mmefunga wangapi mwaka huu? Nawaelewa. Kwa wengi wetu serikali ikikupeleka mahakamani imedhamiria kukufunga, na anayeitumikia ana haki ya kujisifia idadi. Mimi nina hesabu nyingine. Je, kila karatasi inayoweza kumsaidia mshtakiwa imemfikia wakili wake? Naamini kwamba ndani ya ofisi ya mashtaka, mtu aliye karibu zaidi na jibu la swali hilo ni msaidizi wa kisheria, na inaniuma kwamba bado ziko ofisi zinazomwacha nje ya chumba pale swali lenyewe linapojadiliwa.

Niseme kwanza kazi yenyewe ni ipi. Tanzania, msaidizi wa kisheria anayejulikana ni yule wa kwenye kata, anayewasikiliza wananchi wenye migogoro ya ardhi, mirathi na ndoa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua rasmi. Namheshimu sana, lakini kazi yangu ni nyingine kabisa. Mimi simshauri mwananchi. Nakaa nyuma ya mawakili wawili watatu, napokea kila kinacholetwa na wapelelezi: rekodi za benki, rekodi za simu, picha, maelezo ya mashahidi, madaftari ya mkono. Kila ukurasa unapewa namba yake, tunaziita namba za Bates, ili wakili akisema ukurasa fulani, jaji, utetezi na shahidi wote wafungue ukurasa huohuo. Naandaa orodha ya vielelezo, faili la kila shahidi, hati za wito, tiketi na hoteli za mashahidi wanaotoka mbali. Kesi ikikaribia kusikilizwa, usiku hauna tofauti na mchana.

Kuna pia kuziba maandishi kabla hati haijawekwa mahali ambapo umma unaweza kuisoma. Kanuni za mahakama za shirikisho ziko wazi: namba ya hifadhi ya jamii zibaki tarakimu nne za mwisho tu, mtoto atajwe kwa herufi za kwanza za majina yake, anwani ya nyumbani ibaki mji na jimbo. Inaonekana kazi ndogo hadi iharibike. Januari 2019 mawakili wa utetezi wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha hati yenye sehemu zilizopakwa weusi. Waandishi wa habari waliyanakili maneno yaliyokuwa chini ya weusi ule, wakayabandika kwenye ukurasa mwingine, yakasomeka yote. Rangi ilikuwa juu, maneno yalikuwa bado yako chini. Kwa sababu hiyo, kabla hati haijatoka mezani kwangu najaribu kuyanakili yaliyozibwa mimi mwenyewe.

Lakini linalonifanya niandike ni lile la kukabidhi ushahidi.

Mwaka 1963, katika kesi ya Brady dhidi ya Maryland, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba upande wa mashtaka ukificha ushahidi muhimu unaomsaidia mshtakiwa aliyeuomba, umemnyima haki, hata kama haukuwa na nia mbaya. Hukumu ile inataja maandishi yaliyo kwenye ukuta wa Wizara ya Sheria mjini Washington, yanayosema kwa maana yake kwamba serikali imeshinda kila raia wake anapotendewa haki mahakamani. Mwaka 1972, katika kesi ya Giglio, mahakama iliongeza kwamba ahadi aliyopewa shahidi ili atoe ushahidi nayo lazima ijulikane. Pale mwendesha mashtaka mmoja alikuwa ametoa ahadi, na mwenzake aliyeendesha kesi hakuijua. Mahakama haikukubali udhuru huo: ofisi ni moja, anachokijua mmoja inakijua ofisi nzima. Mwaka 1995 kesi ya Kyles ikafika mbali zaidi, kwamba mwendesha mashtaka ana wajibu wa kutafuta hata yale yanayojulikana kwa polisi peke yao.

Sasa jiulize, ofisi inajuaje inachokijua?

Tuseme uko mbele ya ukurasa wa daftari la mpelelezi, mwandiko wa haraka haraka, kalamu imekwaruza. Mstari wa nne unasema shahidi aliona gari la kijivu. Kwenye maelezo yaliyochapwa wiki mbili baadaye na kutiwa sahihi, gari limekuwa la bluu. Wakili anasoma yaliyochapwa kwa sababu ndiyo atakayoyatumia kumwongoza shahidi. Mpelelezi ameshahamia kesi nyingine. Aliyeyashika yote mawili siku moja, akayapa namba, akaandika kwenye jedwali ni ya nani na ya tarehe gani, ni msaidizi wa kisheria. Akinyamaza kwa kuwa ameambiwa kazi yake ni kupiga namba, hakuna mwingine atakayesema.

Mfano mchungu ninaoufahamu ni wa John Thompson wa New Orleans. Mwaka 1985 alipatikana kwanza na hatia ya jaribio la unyang'anyi wa kutumia silaha, halafu ya mauaji, akahukumiwa kifo. Katika ile kesi ya unyang'anyi, mhalifu alikuwa ameacha damu kwenye nguo ya mmoja wa waliovamiwa, na maabara iliipima: kundi B. Thompson alikuwa wa kundi O. Ripoti ile haikufika kwa utetezi. Mwaka 1999, wiki chache kabla ya siku iliyopangwa kumuua, mpelelezi wa utetezi aliikuta kwenye kumbukumbu za maabara. Hatia ya unyang'anyi, iliyokuwa imemzuia kujitetea mwenyewe kizimbani kwenye kesi ya mauaji, ikafutwa, na mwaka 2003 kesi ya mauaji ilisikilizwa upya na jopo la raia wanaoamua kesi likamwachia huru. Alikuwa amekaa gerezani miaka 18, 14 kati ya hiyo akisubiri kuuawa. Aliishtaki ofisi ya mashtaka, jopo jingine likampa fidia ya dola milioni 14, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikaifuta. Alifariki mwaka 2017. Karatasi moja. Ilikuwepo muda wote, imepigwa chapa, ina majibu, imelala kwenye kumbukumbu.

Na asidhani mtu kwamba haya huwapata wanyonge peke yao. Ted Stevens alikuwa seneta wa Alaska kwa miaka 40. Oktoba 2008 alipatikana na hatia ya kutotangaza zawadi alizopokea, siku chache baadaye akashindwa uchaguzi, na Aprili 2009 kesi yote ikafutwa kwa sababu waendesha mashtaka walikuwa wameficha ushahidi uliomsaidia. Jaji Emmet Sullivan aliteua mchunguzi wa nje, naye akatoa ripoti ya kurasa zaidi ya 500. Kinachonigusa katika ripoti ile ni kwamba kazi ya kupitia mafaili kutafuta yanayomsaidia mshtakiwa ilikuwa imeachiwa maofisa wa upelelezi. Hatia imefutwa, lakini kiti cha useneta hakikurudi, na mwaka uliofuata mzee akafa katika ajali ya ndege.

Tangu Oktoba 2020 kuna sheria inayomtaka jaji wa shirikisho awakumbushe waendesha mashtaka wajibu huu siku ya kwanza ya kesi, kwa mdomo na kwa maandishi. Naipongeza. Ila wakili anakumbushwa mahakamani, na mimi ninayepanga masanduku siko mahakamani siku hiyo. Mawakili wengine wananiambia leseni iliyo hatarini ni yao, kwa hiyo uamuzi ni wao. Kweli, uamuzi ni wao, na sitaki kuuchukua. Ninachodai ni niwepo tangu siku ya kwanza, nijue nadharia ya kesi na utetezi unasema nini, maana bila hayo siwezi kutambua kwamba gari la kijivu lina maana. Pia nikiuliza "hii imekwenda kwa utetezi?", nijibiwe kwa maandishi, na jibu liingie kwenye faili.

Kwetu sisi tuliotoka Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wake. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam yaliua watu 224, na washtakiwa wakaletwa kwenye mahakama ya shirikisho New York. Kesi ya Ahmed Ghailani, kijana wa Zanzibar, ilisikilizwa mwaka 2010. Jaji Lewis Kaplan alikataa shahidi mmoja mkubwa wa serikali kwa sababu serikali ilimjua kupitia maelezo aliyoyatoa Ghailani akiwa kwenye mahojiano ya kulazimishwa ya CIA. Jopo likamwona na hatia katika shtaka 1 kati ya 285, na kwa hilo moja akafungwa maisha. Katika yale mashtaka mengine kulikuwa na la mauaji kwa kila mmoja wa wale 224. Naelewa maumivu ya aliyepoteza ndugu pale akisikia mshtakiwa ameachiwa kwenye shtaka linalomhusu ndugu yake. Hata hivyo nasimama na jaji. Marehemu wetu walistahili kesi ambayo miaka 20 baadaye hakuna atakayeifungua na kukuta kitu kimefichwa ndani.

Vijana wananiandikia wakiuliza kuhusu kazi hii, nami nawatia moyo. Nafasi nyingi za serikali ya shirikisho zinataka uraia, na uchunguzi wa historia yako unaweza kuchukua miezi. Kampuni binafsi kubwa mara nyingi hulipa zaidi. Kiswahili chako, na Kifaransa au Kisomali kama unavyo, ni mtaji, usivifiche kwenye wasifu. Ukiitwa kwenye usaili, waulize swali moja: nani hapa anatunza orodha ya vilivyokabidhiwa kwa utetezi, na akiona pengo anamwendea nani? Wakikutajia mtu kwa jina na cheo, chukua kazi. Wakianza kutazamana, endelea kutuma maombi kwingine.