Mama Mkwe, Inno na Meli ya Duluti

Chanzo cha yote ni simu ya mke wangu. Dada yake anaishi Marekani, na likizo yao walipanda ile meli inayoondokea Miami, Icon of the Seas, yeye na mumewe na binti yao wa miaka miwili. Meli yenyewe ilianza kubeba watalii Januari 2024. Ina urefu wa mita 365 hivi, ghorofa 20, mabwawa ya kuogelea saba, na ikijaa inabeba abiria zaidi ya 7,000. Yaani unahamisha kata nzima na diwani wake, unaipandisha majini.

Picha zilitufikia asubuhi, mchana na jioni. Mtoto na aiskrimu. Mtoto na mtu aliyevaa kinyago. Mtoto amelala, nyuma yake dirisha, nje ya dirisha bahari. Mtoto akilia kwa uchungu kando ya bwawa la wakubwa, maana meli nyingi haziruhusu mtoto wa pampasi kuingia bwawani. Hiyo ya kulia ndiyo niliyoipenda mimi. Mke wangu aliipitisha haraka.

"Baba Inno," akaniambia usiku mmoja taa ikiwa imezimwa, "hata sisi tuna mtoto wa miaka miwili."

Mtu wa nje akisikia hivyo atadhani ni taarifa. Aliyeoa anajua hiyo ni ankara.

Sasa Arusha bahari tunaitoa wapi? Ya karibu iko Tanga, zaidi ya kilomita 400 za kumpakata mtoto asiyependa kupakatwa. Nikapiga hesabu ya nauli, ya kulala, ya kula, nikaifuta. Ndipo nikakumbuka Duluti. Ziwa lipo pale Tengeru, unaacha barabara kuu ya Moshi unashuka kidogo tu. Ni shimo la volkano ya zamani lililojaa maji, msitu wa hifadhi umelizunguka pande zote, na kuna vijana wanaotembeza wageni kwa mitumbwi. Maji ni maji.

"Jumamosi tunapanda meli," nikatangaza mezani.

Inno aliyachukua maneno hayo kwa uzito wote. Meli anazijua, ameziona kwenye simu, na anajua zinavyopiga honi. Wiki nzima nyumba yetu ilikuwa bandari. Alfajiri na mapema: "Puuuuuu!" Katikati ya sala ya chakula: "Puuuuuu!" Jirani tunayepakana naye ukuta hapa Sakina aliniuliza kwa upole kama mtoto tumempeleka hospitali.

Ijumaa jioni akafika mama mkwe kutoka Machame, kuja kumwona mjukuu. Huyu ni mtu wa mlimani kabisa. Maji anayoyajua yeye ni ya mfongo, yale yanayopita kwenye migomba, kuku mwenye haraka anayavuka bila kulowa tumbo. Nilitegemea akisikia habari za ziwa atasema magoti yanamuuma, abaki nyumbani. Wapi. Aliuliza tu, "Huko tutakula nini?" na kabla hajajibiwa alikuwa ameshaingia jikoni. Kulipokucha akatoka na hotpoti ya pilau. Si hotpoti yoyote: ni ile kubwa yenye maua mekundu ubavuni, ambayo upande wetu tulimpa siku ya mahari. Hajawahi kumwazima mtu, hata kwa msiba.

Jambo jingine lililoamuliwa asubuhi hiyo bila mimi kuulizwa ni kwamba Inno ameachana na pampasi. "Siku hizi anasema mwenyewe," mke wangu alieleza. Kweli anasema. Ila notisi yake ni fupi.

Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, kwa hiyo kifodi kilijaa akina mama na vikapu vyao mpaka mlango ukawa haufungi. "Mtoto apakatwe!" konda akapiga kelele. "Bibi, na hotpoti nayo ipakatwe!" Mke wangu akampakata Inno, mama mkwe akapakata hotpoti, mimi nikapakata kikapu cha parachichi cha mtu nisiyemjua. Inno alipiga honi kuanzia Sakina. Tulipofika Kwa Mrefu konda alishaanza kumwitikia, na kuanzia hapo gari lilikuwa na meli mbili.

Tukafika. Mwenyeji wetu alikuwa chalii mmoja mchangamfu, rasta kichwani, ndala miguuni. Akatushusha mpaka majini, akauonyesha mtumbwi kwa mkono mzima kama mtu anayetambulisha wazazi wake.

Inno akautazama. Akatazama nyuma ya mtumbwi. Akainama akatazama chini yake.

"Meli iko wapi?"

"Si hii hapa, baba."

"Hii si meli." Akakaa chini kwenye matope, suruali mpya, akakunja mikono.

Aliyeokoa jahazi ni chalii. "Meli kubwa imeenda kuweka mafuta, bosi. Hii ndiyo inatupeleka." Mtoto akasimama hapo hapo. Mimi ningetumia nusu saa na pipi.

Yakaja maboya ya kuvaa. La Inno lilikuwa dogo kuliko yote yaliyokuwepo, na bado lilimmeza mpaka puani. Ukimwita, linageuka boya kwanza. La mama mkwe liligoma kufungika juu ya sweta na kitenge, akasema basi atalishika kwa mkono. Kwenye meli kubwa abiria wote hufanyishwa zoezi la dharura mwanzoni mwa safari, waonyeshwe pa kukusanyikia na jinsi ya kuvaa boya. Duluti nako zoezi lipo. Ni neno moja.

"Msisimame," alisema chalii.

Kisha akatupanga kwa uzito, na hapo ndipo heshima yangu ilipoanza kuzama kabla ya mtumbwi. Mimi na mama mkwe tunaheshimiana sana. Akiingia sebuleni, mimi nakumbuka kazi ya nje. Tangu nimuoe binti yake hatujawahi kukaa kochi moja. Sasa chalii, ambaye mila zetu hazimhusu, akaniweka katikati ya mtumbwi na kumweka mama mkwe nyuma yangu, magoti yake mgongoni kwangu. "Samahani, mama," nikasema bila kugeuka. "Kaa tu, baba," naye akajibu, nadhani akitazama pembeni.

Mwanzoni ilikuwa raha, nisiwe mwongo. Maji yametulia, Mlima Meru umejificha kwenye mawingu kama kawaida yake, kenge mkubwa amejianika juu ya tawi. Chalii akatupa historia. Huku Tengeru, kuanzia mwaka 1942, kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland, karibu watu 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamepelekwa uhamishoni Siberia, wakatoka huko, wakapitia Iran, wakavuka Bahari ya Hindi kwa meli mpaka Afrika Mashariki. Makaburi ya wenzao waliofia hapa bado yapo Tengeru. Nikamtazama Inno ndani ya boya lake. Akina mama wale walikuja na watoto kutoka Siberia. Mimi nimetoka Sakina kwa kifodi na shati limeshalowa jasho.

"Na hili ziwa, wazee wanasema halina mwisho," chalii akaongeza, kwa kunogesha.

"Halina mwisho wapi?" mama mkwe akauliza. "Pembeni au chini?"

"Chini, bibi."

Nikasikia mkono umeshika mkanda wa suruali yangu. Haukuachia tena mpaka nchi kavu.

Chalii alikuwa amenipa kasia la pili nimwongezee nguvu. Nilipiga kwa bidii, mama mkwe aone binti yake hakuolewa na mtu legelege. Lakini Inno ana msemo wake, "Mimi mwenyewe," na msemo huo hauna rufaa. Mke wangu akasema, "Mpe kidogo tu, nampiga picha tumtumie mama mdogo." Inno akashika kasia. Akatazama kamera. Akatabasamu vizuri kabisa, akaliachia.

"Puuuuuu!"

Kasia likaanza safari yake. Chalii akageuza mtumbwi kwa nguvu kulifuata, mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia ya kutosha, mama mkwe akaanza kumwita Mungu kwa Kimachame. Nikanyoosha mkono. Kasia liko pale, limebaki shubiri moja, lakini mkanda umeshikwa.

"Mama, niachie kidogo nilidake."

"Nikuachie uende wapi?"

Chalii alilivuta mwenyewe, kwa kulivua na kasia lake. Tukashusha pumzi. Miguu yote ilikuwa majini lakini hakuna aliyelowa juu ya magoti, na mke wangu ndiyo kwanza anaanza kucheka, Inno aliposema kwa sauti ya mtu anayetoa salamu:

"Mama. Pupu."

"Sasa hivi?"

Inno hakujibu. Macho yalishaanza kumtoka.

"Mzee, ziwani hapana," chalii akawahi. "Hii ni hifadhi."

Nikaangaza huku na huku. Miguuni kwangu kulikuwa na kidumu kilichokatwa juu, cha kuchotea maji yanayoingia mtumbwini. Nilikitazama. Chalii akaniona ninavyokitazama.

"Hicho cha kazi, mzee!"

Muda wa mjadala haukuwepo. Mke wangu alivua, mimi nikashika kidumu, mama mkwe akatushika sote. Inno akakalia, boya puani, mikono juu ya mabega yetu, ametulia kabisa. Katikati ya shughuli hiyo ukapita mtumbwi wa watalii. Wakatupungia. "Jambo!" wakasema. "Karibuni," akajibu mama mkwe, ambaye adabu haimtoki hata kwenye ziwa lisilo na mwisho. Mmoja wao akatupiga picha. Iko Ulaya sasa hivi, ukutani kwa mtu.

Inno alipomaliza alipiga honi. Mama mkwe akatoa leso, akakifunika kidumu kwa heshima zote, kikawekwa mbele kabisa, mbali na watu, kama umbali unaweza kupatikana kwenye mtumbwi.

Chalii akapiga kasia kidogo, akasimamisha. Akatazama maji yaliyokuwa yanacheza kwenye vifundo vya miguu yetu.

"Sasa haya tunayachota na nini?"

Hakuna aliyesema kitu. Ila macho yote, mmoja baada ya mwingine, yakaishia kwenye hotpoti.

"Hapana," alisema mama mkwe.

"Bibi, mtumbwi umekuwa mzito."

"Nimesema hapana."

Yakapita maji kwenye viatu vyake, vile vyeusi vya ibada. Akavitazama viatu, akatazama hotpoti, akatazama chini ambako aliambiwa hakuna mwisho.

"Basi kuleni," alisema. "Pilau yangu haimwagwi ziwani. Kuleni iishe."

Tukanawa mikono pembeni ya mtumbwi, tukala. Sijawahi kula pilau kwa amri wala kwa kasi ile. Chalii alilaza kasia magotini akala mara mbili ya mtu yeyote, na katikati ya tonge akasema, "Bibi, hii iliki umeipatia." Mimi nililazimika kugeuka na kuingiza mkono chombo kimoja na mama mkwe, vidole vyetu vikikutana kwenye viazi; yeye ananisogezea nyama, mimi namrudishia, yeye ananisogezea tena, "Kula, baba, maji yanapanda." Inno peke yake ndiye hakuwa na haraka. Alikula punje moja moja, na kila punje alimwonyesha kenge kwanza.

Ukoko tuliukwangua. Kisha chalii akachukua hotpoti, na mama mkwe akageuza uso kuelekea msituni. Aliuacha huko mpaka sauti ya kuchota ilipoisha.

Mke wangu, kati ya picha zote, alimtumia dada yake ile ya pilau tu. Dada mtu akaandika kwamba kwenye meli yao chakula kilikuwa kimo ndani ya nauli, je, huko? "Kimo," mke wangu akajibu, akazima simu.

Tulipotua, nilikwenda bombani na kidumu, nikakisugua kwa sabuni na mchanga mpaka rangi yake ikabadilika. Chalii akakikataa kwa mikono miwili. "Mzee, hata ukikichemsha. Mimi wageni wangu nitawaambia nini?"

"Leo si soko?" akauliza mama mkwe.

Tukapanda mpaka sokoni Tengeru, tumelowa, Inno mabegani kwangu akipigia honi mikungu ya ndizi. Tukampata mama anayeuza vidumu vilivyotumika, amevipanga chini kwa ukubwa. Mama mkwe akainama, akavigonga kimoja kimoja kwa kidole, akanusa, akarudisha.

"Bibi, unataka cha maziwa au cha mafuta?" muuzaji akamuuliza.

Mama mkwe alimtazama mjukuu wake kuanzia juu hadi chini, akakadiria.

"Nipe chenye mdomo mpana."