Majeraha ya mchangani: tulaumu uwanja au paja?

Mchezaji wa ndondo, soka la mtaani, akishika nyuma ya paja na kukaa chini, sababu hupatikana kabla hajatolewa nje: uwanja. Mgumu kama lami, una mashimo, kule konani mawe matupu. Makocha waliopita kwenye kozi watakujibu kwamba huyo alifika dakika tano kabla ya mpira kuanza, akafunga njumu, akarukaruka mara mbili, akaingia. Pande zote mbili zina hoja, ila kila upande unazungumzia majeraha yake, ndiyo maana ubishi hauishi.

Wanaolaumu uwanja wako sahihi kuhusu enka (kifundo cha mguu) na goti. Enka ikiingia shimoni, mazoezi huipunguzia uzito wa ajali tu, hayafukii shimo. Kwa goti, tazama soli. Njumu za meno sita marefu zilitengenezwa kwa nyasi laini yenye unyevu. Kwenye udongo mkavu au nyasi bandia, jino likinasa wakati mchezaji anageuka, unyayo unabaki pale pale na mwili unazunguka, msokoto wote unaishia gotini. Ligamenti ya mbele ndani ya goti, ule ukano unaoshikanisha mifupa, inaweza kukatika hivyo bila mtu kumgusa. Dawa yake ni njumu zenye meno mafupi mengi ya plastiki, au raba za nyasi bandia. Za mtumba hazina ubaya, ila geuza soli kabla ya kuuliza bei. Nusu saa ya kuokota mawe na kujaza mchanga mashimo kabla ya mechi nayo si kazi ya kudharau.

Paja lina habari nyingine. Unapokimbia kwa kasi, msuli wa nyuma ya paja huumia zaidi pale mguu unaporushwa mbele, muda mfupi kabla ya kukanyaga. Msuli unavutwa urefuke na wakati huohuo unajikaza kuuzuia mguu. Usipokuwa na nguvu ya kufunga breki hiyo, au ukiwa umechoka dakika ya 80, unachanika. Utachanika Uwanja wa Mkapa kama utakavyochanika kwenye vumbi la shule ya msingi. Hapa uwanja unasingiziwa.

Kwamba mazoezi yanasaidia, ushahidi ulio karibu na mazingira yetu unatoka Lagos, Nigeria. Programu ya FIFA 11+ ya kupasha mwili ili kuzuia majeraha, yenye mazoezi 15 ya dakika kama 20, ilijaribiwa huko kwa vijana zaidi ya 400 wa ligi, na utafiti ukachapishwa 2014: timu zilizoifuata zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41. Nauona mzito kwa sababu si wa akademi ya Ulaya. Lakini usomwe vizuri. Majeraha zaidi ya nusu yalibaki palepale, na programu yenyewe inataka angalau mara 2 kwa wiki. Veterani wa miaka 45 anayecheza bonanza la Jumamosi tu hawezi kujihesabia asilimia zile.

Pingamizi la kweli ni muda. Kiwanja kina timu tatu zinazosubiri, na giza linaingia saa kumi na mbili na nusu. Dakika 20 nani atazitoa? Jibu ni kuigawa. Kabla ya mechi baki na mbio: kukimbia taratibu, kufungua nyonga kwa goti nje na ndani, kubadili mwelekeo, kisha mbio chache zinazopanda hadi karibu na kasi kamili. Dakika 10 zinatosha. Sehemu ya nguvu ipeleke mwisho wa mazoezi au nyumbani.

Kwenye nguvu, zoezi la Nordiki ndilo la kwanza. Piga magoti juu ya kitu laini, mwenzako akandamize vifundo vyako chini. Mwili uwe mstari mmoja kutoka gotini hadi begani, kisha jiachie mbele polepole kadiri paja linavyoweza kukushikilia, ukishindwa jidake kwa mikono. Kosa la kawaida ni kukunja kiuno na kutanguliza kifua, hapo paja halifanyi kazi. Kosa la pili ni ushujaa. Anza na mara 3 hadi 5, ukiongeza wiki kwa wiki mpaka 12 au zaidi. Anayeanza na 20 ataamka hawezi kushuka ngazi, na hatarudia tena. Usilifanye siku moja kabla ya mechi.

Ongeza kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30 kila upande kwa ajili ya enka, na kuruka ukitua kwa goti lililokunjwa, lisilolalia ndani. Ule mduara wa kuhesabu “moja, mbili” huku kila mtu amevuta msuli bila kusogea hauna madhara makubwa ukiwa mfupi, lakini hauchukui nafasi ya haya.

Enka ikishateguka, usiikande kwa maji moto siku mbili tatu za mwanzo, joto na kusugua huongeza uvimbe. Funga bandeji, inua mguu, barafu iliyofungwa kitambaani ipunguze maumivu. Huwezi kutembea hatua 4, au mfupa wa kifundo unauma ukibonyezwa kwa nyuma? Nenda kapige eksirei.

Aliyewahi kuumia ndiye aliye karibu zaidi kuumia tena, kwa hiyo kurudi kusiamuliwe na ratiba ya ligi. Enka irudi ikiweza kuruka kwa mguu mmoja na kukimbia umbo la nane bila maumivu. Paja lirudi baada ya mbio za kasi kamili mazoezini, zaidi ya siku moja, si baada ya sindano ya kutuliza maumivu asubuhi ya fainali.