Mto Tana ulikuwa na wenyewe kabla ya skimu

Makala niliyoisoma kuhusu makazi ya Mto Tana inaianzia historia yake kwenye skimu za umwagiliaji za Hola na Bura, nami, nikiisoma hapa Mombasa, naona huko ni kuanzia katikati. Muda mrefu kabla ya hapo Wapokomo walilima mpunga na migomba kingoni mwa mto, wakingoja mafuriko yatokayo Mlima Kenya na Aberdare yawaachie tope lenye rutuba, huku Waorma wakishusha ng'ombe wao mtoni wakati wa kiangazi kwa kupitia njia ziitwazo malka. Mto wenyewe huhama mkondo, na vijiji huhama nao. Mabwawa yaliyojengwa sehemu ya juu ya mto, likiwemo la Masinga lililokamilika mwaka 1981, yamepunguza mafuriko hayo, jambo ambalo mwandishi hakuligusa kabisa.