Anayeitwa mtoro wa sindano

Mtu aliyeugua homa ya baridi yabisi ikamgusa moyo huandikiwa sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki tatu au nne, ili bakteria wa koo wasiiamshe tena homa hiyo. Kila inaporudi, vali za moyo, yaani milango inayopitisha damu, huzidi kuharibika. Mwenye vali zilizokwisha kuathirika hushauriwa aendelee kwa miaka 10 au mpaka afikishe umri wa miaka 40, lolote litakalochelewa. Mtoto anayeanza akiwa na miaka 10, kwa sindano 13 za mwaka, ana sindano 390 mbele yake.

Anayezikosa huitwa mtoro. Wahudumu wa afya wanaomwita hivyo wana hoja nzito, na si haki kuwaona wakatili. Wao ndio humpokea mgonjwa huyo huyo baadaye, miguu imevimba, akilala hapumui vizuri, vali zinahitaji upasuaji. Akiwekewa vali bandia ya chuma ataanza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ya maisha, na kwa mwanamke anayetaka kuzaa hilo ni tatizo jingine kubwa. Halafu dawa yenyewe inafanya kazi. Utafiti wa kaskazini mwa Uganda, uliochapishwa 2021, uliwafuatilia watoto na vijana 818 ambao ugonjwa wao ulionekana kwenye kipimo cha moyo kabla ya dalili zozote. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Bakteria hajali mtu alikosa sindano kwa sababu gani.

Hapo nakubaliana nao. Nisichokikubali ni hukumu inayotolewa kwa kutazama daftari la sindano tu.

Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 80. Aliyepata angalau sindano 11 kati ya 13 ni mfuasi mzuri, aliye chini ya hapo ni mtoro. Sasa chukua wagonjwa wawili. Wa kwanza hajaruka sindano hata moja, ila kila mara huchelewa wiki moja. Mwaka unaisha ana sindano 10, asilimia 77: mtoro. Wa pili alizishika tarehe zote isipokuwa mbili zilizofuatana. Ana 11, asilimia 85, anasifiwa, ingawa zilipita wiki 12 kati ya sindano moja na iliyofuata, nane kati ya hizo bila kinga ya kutegemewa. Ukijumlisha wiki zilizokaa wazi, wa kwanza ana 10 na wa pili 8. Hawajapishana sana, lakini mmoja anakaripiwa na mwingine anapongezwa. Tena vipimo vya damu vimeonyesha kwamba kwa watu wengi penisilini hushuka chini ya kiwango kinacholengwa kabla wiki nne hazijatimia, kwa hiyo hata anayefika kwa tarehe ana siku zake za hatari ambazo asilimia haizionyeshi.

Haionyeshi sababu pia. Dawa hii imewahi kuadimika katika nchi nyingi. Aliyefika akaambiwa imekwisha huachiwa nafasi tupu ile ile ya aliyebaki nyumbani.

Kuna maumivu. Ni dawa nzito, inaingia kwenye msuli, na inauma kwa siku kadhaa. Kuiacha kwanza iishe baridi ya friji, kuisukuma polepole, kubonyeza mahali pa kuchoma au kuichanganya na lignokeini, dawa ya ganzi, hupunguza maumivu, lakini hakuna hata moja ambalo mgonjwa hujiamulia.

Kuna hofu. Utafiti wa kimataifa wa 1991 uliwafuata wagonjwa 1,790 waliochomwa sindano 32,430: mzio wa kutishia maisha ulitokea mara 4, na alikufa mmoja. Ni hatari ndogo mno. Hata hivyo wapo wagonjwa wenye moyo ulioharibika vibaya waliokufa muda mfupi baada ya sindano, na mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilieleza kwamba vifo vingi vya namna hiyo huenda vilitokana na moyo kushindwa kuhimili, wala si mzio, kikashauri wagonjwa walio hatarini zaidi wapewe vidonge. Mzazi aliyesikia kifo cha aina hiyo akasita hakuwa mjinga. Kwa wagonjwa wasio katika hatari hiyo vidonge si njia ya mkato: humezwa kila siku, na sindano hukinga vizuri zaidi.

Watafiti wa Australia na New Zealand wanajaribu dozi kubwa ya dawa hiyo hiyo inayoingizwa chini ya ngozi, idumu wiki 10 au zaidi. Ikifaulu, sindano 13 za mwaka zitakuwa karibu 5. Kabla ya hapo daftari lingeweza kubadilika hata kesho: lihesabu siku ambazo mgonjwa amekaa bila kinga, na kando yake iwepo safu ya sababu, ijulikane kama hakuja, alikuja dawa haikuwepo, au alirudishwa kwa kuwa haikuwa siku ya kliniki.