Mlipeni kwanza, juisi ya tango baadaye

Kuna bango linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp wiki hii. Dada mwenye miguu isiyoisha, ameshika glasi ya juisi ya kijani, anacheka peke yake kama walivyo watu wote wa kwenye mabango. Semina ya afya na ustawi kwa wanamitindo. Mada: ulaji bora, yoga, kujipenda, kunywa maji ya kutosha. Kiingilio shilingi 50,000, juisi ya tango imo humohumo.

Nilicheka. Halafu nikashuka hadi chini kwenye majina ya waandaaji na kicheko kikakatika. Ni walewale. Onyesho lao lililopita wasichana walitembea bure, nauli juu yao, viatu vyao. "Mtapata jina," waliambiwa. Sasa hao waliolipwa jina watoe elfu hamsini wafundishwe faida za mboga za majani.

Kwa wasionijua: mimi nashona, na siku za maonyesho nakuwa nyuma ya jukwaa. Napiga pasi, nafunga zipu, nabana kwa pini gauni lililogoma, narudishia kifungo wakati muziki umeshaanza na mtu ananipigia kelele masikioni. Nyinyi mliokaa mbele mnaona gauni. Mimi naona mgongo. Mgongo wa binti ukiuangalia kwa karibu unakwambia mengi ambayo uso wenye poda hautakwambia.

Siku yenyewe inakwenda hivi. Wanamitindo wanaambiwa wafike saa mbili asubuhi. Riheso inaanza saa tano kwa sababu mtu wa muziki kachelewa. Kusukwa, kupakwa rangi, kungoja. Onyesho limeandikwa saa mbili usiku, maana yake saa nne, maana mgeni rasmi naye ana ratiba zake. Katikati hapo kuna katoni ya maji ya chupa na biskuti. Chakula kipo, tena harufu yake inafika hadi tulipo, ila ni cha meza za mbele. Mwaka mmoja binti niliyekuwa namvalisha akaanza kutetemeka mikono, akaniambia, "Anti, nishikie kidogo." Mpambaji pembeni akasema, kwa kumsifu kabisa, "Huyu yuko siriasi, ana dayati kali." Dayati! Nilimuuliza kimyakimya mara ya mwisho kula lini. Jana mchana, chipsi kavu. Alikuwa na hela ya chakula au ya nauli, akachagua nauli, kwa sababu mihogo haitamfikisha Masaki.

Ndiyo maana mabango ya namna hii yananipandisha presha. Njaa ya kujinyima na njaa ya kukosa, zikishavaa gauni, zinafanana. Semina inatibu ile ya kwanza tu. Ile ya pili haina semina, ina malipo. Na malipo yana wenyewe, na wenyewe ndio walioandaa semina.

Najua mtanitajia Ulaya, kwamba wenzetu walianza zamani kulinda afya za wanamitindo. Kweli walianza, na walianza baada ya misiba. Agosti 2006 Luisel Ramos wa Uruguay, miaka 22, alianguka na kufa Montevideo akiwa ametoka kutembea jukwaani. Novemba mwaka huohuo Ana Carolina Reston wa Brazili, miaka 21, akafariki São Paulo. Kati ya misiba hiyo miwili, Septemba, maonyesho ya Madrid yakatangaza kwamba mwenye BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) chini ya 18 hapandi jukwaani. Piga hesabu: binti wa mita 1.75 lazima awe na kilo 55 na ushee. Israel ikatunga sheria yake 2012, ikaweka 18.5. Ufaransa ikafuata: kuanzia 2017 mwanamitindo lazima awe na cheti cha daktari, na anayemtumia bila cheti anaweza kufungwa miezi sita na kulipishwa faini ya yuro 75,000. Mpaka picha ya tangazo ikichezewa ili mwili uonekane mwembamba au mnene kuliko ulivyo, iandikwe wazi kwamba imechezewa.

Sawa. Nakubali, kwa shingo upande. Faini ya yuro 75,000 inamfanya mtu awe na huruma haraka sana. Lakini tazameni mizani inampima nani. Inampima msichana. Akikutwa mwepesi, anayerudishwa nyumbani bila kazi ni yeye. Aliyemwambia apungue sentimita mbili nyongani yuko ofisini anakunywa kahawa.

Kilichonifurahisha mimi, kwa ushabiki wa fundi, ni kile walichofanya LVMH na Kering mwezi Septemba 2017. Makampuni hayo mawili ndiyo yenye Louis Vuitton, Dior, Gucci, Saint Laurent na wengine tele. Walitia saini mkataba wa pamoja, na humo, pamoja na cheti cha daktari na chakula na kutotumia watoto chini ya miaka 16 kama watu wazima, wakaandika kwamba saizi 32 ya Kifaransa, ile ndogo mno, marufuku kwa wanawake. Yaani kwa mara moja walikigeukia kitambaa! Maana ugonjwa unaanzia mezani kwa mkata nguo. Mbunifu anakata mavazi yote ya onyesho kwa saizi moja, wiki kadhaa kabla, hajui nani atavaa. Anakata ndogo kwa sababu aliyemtangulia alikata ndogo. Siku ya kujaribisha, gauni lisipopanda, anayelaumiwa ni nyonga. Nimekaa kwenye vyumba hivyo na futi yangu shingoni. Ukiacha akiba kwenye mshono wa pembeni, kuachia inchi moja ni kazi ya nusu saa, na nimewahi kusema hivyo kwa sauti. Jibu nililopewa: "Anti, muda hatuna. Yeye ana siku tatu, apungue." Kitambaa hakina muda ila utumbo wa mtoto wa watu unao.

(Wakati huohuo mtoto huyo akirudi kwao Mbagala anapokelewa na maneno mengine. Kimbaombao. Mlingoti. Shangazi anamvuta pembeni: umekonda mwanangu, una nini? Na mtaani wakimwona amekonda sana wanamaliza wenyewe, wanasema ana ngoma. Huku jukwaani anaambiwa mnene, kule nyumbani anaambiwa mgonjwa. Hapo ndipo semina inapomshauri ajipende.)

Lakini nisipotee, hoja yangu ni hela.

Twendeni Kakuma, kambi ya wakimbizi kule Turkana, Kenya. Kambi ile imelea warembo wakubwa: Adut Akech alikulia humo kabla familia yake haijahamia Australia, Halima Aden alizaliwa humo. Mawakala wakaiona, wakaanza kwenda kuvuna. Mwaka 2023 gazeti la The Sunday Times la Uingereza lilichapisha uchunguzi kuhusu vijana waliotolewa Kakuma wakapelekwa Ulaya kufanya kazi ya mitindo, mambo yasipokwenda wakarudishwa kambini wakiwa wanadaiwa maelfu ya yuro. Mkimbizi, anaishi kwa mgao, anarudi kambini na deni la Ulaya! Na hili halihitaji mtu aibe. Ndivyo biashara inavyoendeshwa kihalali kabisa: tiketi ya ndege, viza, kitanda kwenye chumba cha wengi, picha za kujitangazia, vyote wakala anatanguliza na vyote vinaandikwa kwenye daftari lako. Kazi ikija, deni linakatwa kwanza, halafu asilimia ya wakala, halafu kodi ya serikali, halafu wewe. Kazi isipokuja, daftari linabaki.

Sasa niambieni, binti mwenye daftari kama hilo akiambiwa kazi ipo ila upungue kidogo, atasema nini? Atasema hapana, afya yangu kwanza? Kwa jeuri ya nani? Anayeweza kukataa ni yule ambaye kesho ana kula. Tunamtaka msichana wa miaka 19, yuko mji wa watu, lugha hajui, pasi yake ya kusafiria hata haijui iko kabati gani, awe ndiye mlinzi wa afya yake dhidi ya watu wanaomlisha. Ni ukatili, hata ukipakwa rangi ya kijani na kuwekwa kwenye glasi ndefu.

Walioliona hili mapema ni wanamitindo wenyewe. Sara Ziff, aliyewahi kuwa mwanamitindo, alianzisha Model Alliance, shirika la kutetea wanamitindo, kule New York mwaka 2012, na hakuanza na yoga. Alianza na haki za kazi. Walipigana miaka mpaka Desemba 2024 gavana Kathy Hochul akasaini sheria ya wafanyakazi wa mitindo, ikaanza kutumika Juni 2025. Isomeni. Wakala harusiwi kukata zaidi ya asilimia 20. Harusiwi kumdai mwanamitindo amana ili amchukue. Mkataba usizidi miaka mitatu, na mwanamitindo apewe nakala yake. Kazi ikizidi saa nane, mapumziko ya kula ni lazima, na saa za ziada zinalipwa zaidi. Kwangu mimi hiyo ndiyo sheria ya afya, ingawa hakuna mahali inapotaja tango.

Huku kwetu Tanzania sheria ya mapumziko ipo tangu 2004. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inasema mwajiriwa akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe angalau dakika 60 za kupumzika. Vizuri. Shida inaanzia kwenye neno mwajiriwa, maana mwanamitindo wa Dar akiuliza malipo anaambiwa yeye ni msanii, akiomba kuthaminiwa kama msanii anaambiwa yeye ni mrembo tu, na akikazana sana anaambiwa mdhamini hajalipa. Mdhamini hajalipa! Nasikia sentensi hiyo kuliko ninavyosikia adhana. Mdhamini hulipa taa, hulipa zulia, hulipa mshereheshaji, akifika kwa wasichana ndipo anapoishiwa.

Kuna mawakala waungwana, wapo, nafanya nao kazi na wanajijua. Na mtaalamu wa lishe atakayeongea kwenye semina hiyo sina ugomvi naye, huenda atasema ya maana. Vidonge vya kukonda vinavyouzwa Kariakoo bila jina la aliyevitengeneza avizungumzie sana, tafadhali. Mkorogo nao, maana bado kuna wapambaji wanaokuja na poda za rangi tatu, zote za weupe, halafu binti mweusi tii anaanza kudhani kosa ni ngozi yake.

Na kama kweli mnataka kuongelea afya, ongeleeni hedhi. Millen Magese, Miss Tanzania wetu wa 2001, alifika majukwaa ya New York akiwa na endometriosisi, ugonjwa wa tishu kama za ndani ya mji wa mimba kuota nje yake, wenye maumivu yaliyomlaza hospitali na kumpitisha kwenye upasuaji mara nyingi. Alipoamua kulisema hadharani, na mpaka kuanzisha taasisi kwa ajili hiyo, wengi wetu ndio tulisikia kwamba ugonjwa huo una jina. Mwaka 2017 akajaliwa mtoto wa kiume na mji mzima tukashangilia kama tumezaa sisi. Ila nikiwa nyuma ya jukwaa bado naona mabinti wamejikunja kwenye kona na chupa ya maji ya moto tumboni, na anayesimamia anapita akisema, "Jikaze, usituharibie." Hakuna aliyeandaa hata pedi za akiba. Katoni ya pedi inagharimu kiasi gani ukilinganisha na ule moshi wa jukwaani?

BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, nyinyi ndio mnaotoa vibali. Mnadai karatasi nyingi, na nimezibeba baadhi yake mwenyewe. Ongezeni moja: orodha ya wanamitindo, umri wao, kila mmoja analipwa kiasi gani na lini, na chakula saa ngapi. Mwandaaji akishindwa kuijaza, kibali asubiri, amwambie na mgeni rasmi kwamba mdhamini hajalipa tuone itakuwaje.

Na nyie wabunifu mnaonisoma, wengine tumekunywa chai pamoja juzi tu: niandikieni mnalipa shilingi ngapi kwa kutembea jukwaani mara moja. Namba tu, sihitaji maelezo. Nitaziweka hapa mwisho wa mwezi na majina ya wanaolipa. Wasiolipa sitawaandika, mabinti wana orodha yao tayari na ni ndefu kuliko yangu.