Mtoto akinyamaza, shule inaridhika

Kinachoniudhi katika shule za hapa Louisville, Marekani, ni hiki: mtoto mgeni akiwa mkimya, kila mtu anaridhika. Hapigani, hachelewi, akiulizwa anasema yuko sawa. Basi, yamekwisha.

Nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na sitawadanganya kwamba kule tuliyajua mambo haya ya kumuuliza mtoto ana nini moyoni. Ukilia darasani unaambiwa ujikaze, ukizidi unakula fimbo. Ila mama wa nyumba ya pili alijua kwamba tangu juzi hujala, akaja kumuuliza mama yako kulikoni. Huku jirani hakujui hata jina.

Shule za huku zina mshauri wa wanafunzi mwenye ofisi na mlango unaofungwa. Simbezi, laiti tungekuwa naye kambini. Lakini chama cha washauri wenyewe kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, wengi wana zaidi ya hapo, na ndio hao hao wanaopanga ratiba na kushughulikia maombi ya chuo. Kijana anayejibu kwa kutikisa kichwa atafikiwa saa ngapi?

Namfahamu mmoja, yuko darasa la kumi. Kambini alisoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Huku akapangiwa darasa kwa umri, kila somo Kiingereza. Mama yake anafanya kazi ya usiku ghalani, kwa hiyo barua za umeme, za bima na za shule msomaji ni yeye. Nimemkuta simu iko sikioni, muziki wa kusubiri unalia, daftari la aljebra liko magotini, mdogo wake anadai chai. Kesho yake anasinzia darasani, mwalimu anaandika kwamba hana bidii. Na barua hiyo ya malalamiko anamsomea mama yake yeye mwenyewe! (Nadhani aliruka mistari kadhaa. Hata mimi ningeruka.)

Wanafunzi wenye asili ya China wa San Francisco walishinda kesi Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1974, ndipo shule zikalazimika kumsaidia asiyejua Kiingereza. Kwa hiyo mwalimu wa lugha tunaye. Ninachotaka ni mtu mzima anayesema Kiswahili, aajiriwe, akae shuleni kutwa, si mkalimani wa kwenye simu anayetafutwa kukiwa na kesi. Apite kantini aone nani ameacha kula. Ampigie mama saa anayoamka.

Nasi wazazi, mtoto akiitwa kwa mshauri, tuache kujibu kwamba wetu si kichaa. Na mkutano wa shule ukiitishwa, tuulize kwanza huyo mtu ataajiriwa lini, alama baadaye.